Puma juu ya mti: majimbo sita, njia nne, na kura yangu

Oktoba 2024 bahasha ya kura ilinifikia nyumbani kwa posta, kama inavyomfikia kila mpiga kura aliyejiandikisha hapa Colorado. Rais nilishamwamua zamani. Majaji sikumjua hata mmoja. Kilichonikalisha mezani mpaka chai ikapoa ni Pendekezo namba 127, lililouliza kama uwindaji wa puma, yule paka mkubwa wa mwituni wa Amerika, upigwe marufuku jimboni, pamoja na ule wa linksi na wa bobketi, paka-mwitu wawili wenye vijikia vifupi. Ndiyo au hapana. Hakuna nafasi ya kuandika "inategemea".

Kwenye kundi letu la WhatsApp, Waswahili wa Denver na Aurora, mjadala uliwaka siku tatu. Kaka mmoja wa Mombasa akasema Kenya ilifunga uwindaji tangu 1977 na dunia haijaisha. Dada wa Arusha, ambaye baba yake alifanya kazi kwenye vitalu vya uwindaji, akamjibu kwamba kitalu kikikosa mwindaji huingia jangili na ng'ombe. Mzee wetu wa Bukavu akauliza swali ambalo sote tulilikwepa: "Huyo mnyama amemkosea nani?"

Pendekezo lilianguka. Karibu asilimia 55 walisema hapana. Lakini Colorado ina tabia ya kuwapelekea wananchi mambo ya wanyama. Mwaka 1992 walipiga marufuku kuwinda dubu kwa mbwa na kwa chambo, na mwaka 2020 wakaamua, kwa tofauti ndogo mno ya kura, kwamba mbwamwitu warudishwe milimani. Puma naye atarudi kwenye karatasi, kama si hapa basi jimbo jirani. Nimeandika ulinganisho huu kwa ajili ya yule atakayekaa na bahasha kama mimi, na pia kwa yule ambaye mwenzake kazini atamwambia "twende tukawinde" naye asijue aseme nini.

Jina linatuchanganya

Waingereza na Wamarekani humwita simba wa milimani, na hapo ndipo sisi tunapopotea. Mimi ni mtu wa Liwale, kusini mwa Tanzania. Ukinitajia simba, sifikirii picha ya kalenda. Nakumbuka jinsi wakubwa walivyokuwa wakizungumzia Rufiji, ambako kati ya 2002 na 2004 simba mmoja, aliyepewa jina la Osama, alihusishwa na vifo vya watu wapatao 35. Watu walikuwa wakilala madungu shambani kulinda mpunga dhidi ya nguruwe, na simba anakuja kuwachukua humo humo. Mtu aliyekulia kwenye habari hizo akisikia kwamba Mmarekani anataka kumlinda "simba", anacheka kwanza.

Sasa linganisha. Kwa Marekani na Kanada pamoja, katika muda unaozidi miaka 100, waliouawa na puma hawafiki 30. Yaani simba mmoja wa Rufiji, kwa misimu miwili, aliwapita puma wote wa bara zima kwa zaidi ya karne. Puma hana manyoya ya shingoni, haishi kwa kundi, na koo lake halingurumi; hukoroma kama nyau wa jikoni. Dume ana kilo 55 hadi 70, jike huwa mwepesi kuliko hapo. Kwa ukoo yuko karibu na duma kuliko simba. Nitamwita puma basi, ili tusihukumu mtu kwa jina la mwingine.

Sisemi hana madhara. Machi 2024, kwenye wilaya ya El Dorado kaskazini mwa California, ndugu wawili walikuwa porini wakitafuta pembe zilizoanguka za kulungu, puma akawavamia. Mkubwa, kijana wa miaka 21, alikufa. Lilikuwa tukio la kwanza la kifo California kwa miaka 20. Ukiwa mama wa kijana yule, takwimu zangu za hapo juu ni upuuzi mtupu.

Ila tukikubaliana kwamba hoja ya "anakula watu", ambayo kwetu inatosha kumaliza mjadala, huku ni nyembamba, basi lazima tuangalie zilizobaki: mifugo, kulungu ambao wawindaji nao wanawataka, ngozi na fuvu la kutundika sebuleni, na ule utamu wa kukimbiza kitu kwenye theluji.

Kipimo changu

Kabla sijaingia kwenye majimbo, niseme nitapima kwa nini. Puma hana msimu wa kuzaa. Kulungu huzaa mwanzo wa kiangazi, kwa hiyo ukimwinda vuli watoto wameshajitegemea. Serikali inafunga na kufungua msimu, mambo yanakwenda. Jike wa puma hubeba mimba kama miezi mitatu na anaweza kujifungua mwezi wowote, kisha hukaa na watoto mwaka mzima hadi mwaka na nusu akiwafundisha kazi. Kwa hiyo tarehe yoyote utakayochagua, sehemu kubwa ya majike wazima walioko porini wana watoto.

Na hawatembei nao wakiwa wadogo. Huwaficha kwenye mawe au kichaka, akaenda mbali kutafuta kulungu, akarudi. Mwindaji akikutana naye njiani anamwona paka mmoja, peke yake. Akimuua, hajui kwamba huko nyuma kuna vitoto vitatu vyenye madoa vinavyosubiri maziwa, na havitasubiri kwa muda mrefu.

Kwa hiyo swali langu kwa kila jimbo si "mnaua wangapi?" Swali ni: mwenye bunduki ana njia gani ya kumjua aliye mbele yake, na analazimishwa kuitumia? La pili, dogo kidogo: anaua kwa ajili ya nini?

California: hakuna mchezo, ila kuna vibali

California nayo iliwahi kuwa mbaya. Tangu 1907 hadi 1963 ililipa fedha kwa kila puma aliyeuawa. Mwaka 1971 Gavana Ronald Reagan, ambaye hakuna atakayemwita mtu wa kukumbatia miti, alisaini sheria ya kusimamisha uwindaji wa puma kama mchezo. Mwaka 1990 wananchi wakaufunga kabisa kwa Pendekezo namba 117, lililopita kwa asilimia 52 na ushee, na likatenga dola milioni 30 kila mwaka kwa miaka 30 kwa ajili ya makazi ya wanyama. Mwaka 1994 puma waliua wanawake wawili jimboni, na mwaka 1996 wawindaji wakajaribu kuifuta marufuku ile. Wakashindwa, tena kwa tofauti kubwa kuliko ya mwanzo. Hilo huwa linanishangaza. Kule kwetu baada ya vifo viwili hakuna ambaye angesubiri kura.

Wengi hawajui kwamba marufuku hii haimaanishi puma hauawi. Mfugaji aliyeliwa mbuzi anaomba kibali cha kumuua puma aliyehusika, na kwa miaka mingi vibali hivyo viliondoa puma makumi kwa mwaka, miaka mingine zaidi ya mia. Novemba 2016, vilimani juu ya Malibu, puma dume aliyevishwa kola na watafiti, namba P-45, aliua kwa usiku mmoja alpaka 10, wale wanyama wa sufu wa jamii ya ngamia. Mwenye mali alipewa kibali halali, kisha akatishiwa na watu kiasi kwamba puma akabaki hai. Mwaka uliofuata idara ya wanyamapori ikabadili utaratibu kwa milima ile: kwanza ujenge zizi lenye paa, uweke taa, uweke mbwa; kibali cha kuua kinakuja baada ya hayo kushindwa mara mbili.

Kimaadili mimi napenda mpangilio huu. Anayeuawa ana kesi, japo hana wakili. Na mfugaji anaambiwa jambo ambalo Mmasai yeyote angemwambia bure: mbuzi wanaolala nje bila boma ni karamu, usimlaumu mgeni.

Ila wapenda marufuku wasijisifu sana. Kuzuia bunduki hakujazuia magari. Watafiti wa chuo kikuu cha UC Davis wamehesabu puma wapatao 70 kwa mwaka wanaogongwa barabarani California. Puma maarufu P-22, aliyeishi peke yake katika bustani ya Griffith katikati ya Los Angeles kwa miaka kumi baada ya kuvuka barabara kuu mbili, alidungwa sindano ya kumpumzisha Desemba 2022 akiwa mzee, mgonjwa, na mwenye majeraha yanayofanana na ya kugongwa na gari. Ndiyo maana sasa linajengwa daraja la wanyama juu ya barabara ya 101 kule Liberty Canyon. Florida ni mfano mkali zaidi: puma wake hawawindwi kabisa, wako chini ya ulinzi wa taifa, na bado walidhoofika kwa kuzaana ndugu kwa ndugu hadi mwaka 1995 wakaletewa majike wanane kutoka Texas. Hadi leo muuaji wao mkuu ni gari.

Na jingine la kuwapa wawindaji haki yao: California inakadiriwa kuwa na puma kati ya 3,200 na 4,500. Colorado, ndogo zaidi na yenye kuwinda kila mwaka, inakadiria 3,800 hadi 4,400 wanaojitegemea. Anayekwambia uwindaji wa kipimo utamaliza puma kesho, muulize hesabu hizo.

Colorado: mbwa, mti, na mtu mwenye nafasi ya kutazama

Hapa ndipo ninapoishi, na hapa ndipo palipo na utamu na uchungu wa jambo lenyewe.

Mila ni ya zamani. Januari 1901 Theodore Roosevelt, akiwa amechaguliwa makamu wa rais na hajaapishwa, alikuja Meeker, magharibi mwa jimbo, akawinda puma kwa mbwa wiki kadhaa. Kundi lao liliua 14, baadhi wakimaliziwa kwa kisu, na mafuvu yakapelekwa kwa wanasayansi. Ni huyu huyu aliyeshuka Mombasa Aprili 1909 akaanza safari iliyojaza makumbusho ya Washington wanyama wa kwetu. Namtaja kwa sababu ndiye pia aliyeanzisha, mwaka 1887, klabu ya Boone and Crockett, ambayo ilieneza wazo la mawindo ya haki: mnyama apewe nafasi ya kweli ya kutoroka, la sivyo huko si kuwinda.

Basi mweke puma kwenye kipimo hicho. Theluji imeanguka usiku. Alfajiri mwindaji anaendesha polepole akitafuta nyayo zinazokatiza barabara. Akiziona anafungua vizimba, mbwa wenye kola za GPS wanashika harufu, wanapotelea korongoni wakibweka. Puma ana mapafu madogo, ni mtu wa mbio fupi. Akichoka anapanda msonobari. Mbwa wanazunguka shina. Saa moja au tano baadaye mtu anafika, anapumua, anatazama juu. Mnyama yuko mita kumi, hana pa kwenda. Nafasi ya kutoroka iko wapi?

Ndivyo nilivyokuwa nikisema, mpaka nilipomsikiliza mzee mmoja ninayefanya naye kazi. Ana mbwa wanne, na amewinda tangu kijana. Alinionyesha picha kwenye simu: puma kwenye tawi, masikio nyuma, macho kama taa. "Huyu nilimwacha," akasema. Akaikuza picha kwa vidole viwili hadi tumboni. Chuchu zilikuwa zimetokeza, manyoya yamelowa kuzizunguka. "Ana watoto mahali. Niliwafunga mbwa, nikarudi nyumbani."

Hapo kichwa changu kikageuka. Ile hali inayoonekana ya aibu kuliko zote, mnyama amekwama na mtu ametulia, ndiyo hali pekee ambayo mwindaji wa puma ana muda wa kumjua. Dume ana doa jeusi chini ya mkia, jike hana. Mzee hutofautishwa na kijana kwa umbo la kichwa, kwa masikio yaliyochanika. Tanzania tuna kanuni kwamba simba anayewindwa awe dume wa miaka sita au zaidi, na mwongoza wawindaji huangalia pua na manyoya kabla ya kutoa ruhusa. Ni wazo lile lile, ila puma wa ardhini hakupi dakika hata moja ya kufanya kazi hiyo. Wa mtini anakupa saa nzima.

Sheria za Colorado zimejengwa juu ya hilo. Mwindaji wa puma lazima apitie somo la kumtambua dume na jike na afanye mtihani. Kuua mtoto mwenye madoa, au jike aliyeandamana na watoto, ni kosa. Kila eneo lina kikomo, na kikifikiwa linafungwa, kwa hiyo lazima uhakikishe kabla ya kutoka. Ukiua unaripoti ndani ya saa 48, unampeleka mnyama kukaguliwa ndani ya siku tano, na jino linang'olewa kujua umri wake. Nyama lazima iandaliwe kwa kuliwa. Huruhusiwi kuchukua ngozi ukamwacha mzoga.

Hoja ya nyama wawindaji huipenda sana. Waliokula wanasema inafanana na ya nguruwe, na lazima iive kabisa kwa sababu ya minyoo. Kwa wenzetu Waislamu, na kwenye kundi letu ndio wengi, hoja hii haifiki hata mlangoni. Surat al-Maida imeruhusu kula kilichokamatwa na mbwa waliofunzwa, kweli, lakini Mtume alikataza kula kila mnyama wa mwituni mwenye chonge, na Mashafii wa pwani hawana mjadala hapo. Ukialikwa, jua kwamba mkononi kwako itabaki ngozi tu. Na mimi, ambaye si Mwislamu, bado nauliza: mtu aliyelipa maelfu ya dola kwa mwenye mbwa na hoteli kutoka jimbo la mbali, kweli alikuja kutafuta kitoweo?

Halafu kuna hesabu iliyoniuma zaidi. Puma wapatao 500 huuawa kwa mwaka hapa, na msimu wa 2022 hadi 2023 karibu nusu yao walikuwa majike. Soma tena. Watu wana mbwa, wana mti, wana muda, wana cheti cha mtihani, na bado karibu mmoja kati ya kila wawili anayeshuka mtini ni jike. Sheria haiwakatazi, ilimradi watoto hawaonekani. Mzee wangu aliikuza picha. Wengine hawaikuzi.

Washington na Oregon: waliondoa mbwa, wakaacha bunduki

Kwa upande wa puma, Oregon mwaka 1994 na Washington mwaka 1996 ziliwapa wananchi swali la mbwa peke yake. Picha ya puma amezingirwa na mbwa ilitumika kwenye kampeni, na nani angeitazama akasema hapana? Washington ilipita kwa asilimia 63. Watu walidhani wamemwokoa puma.

Majimbo yakaogopa kwamba sasa puma watakuwa wengi mno. Wakarefusha msimu na kushusha bei ya kibali hadi kikawa kitu cha kuongeza tu kwenye leseni ya kulungu. Wawindaji wa puma wakawa maelfu kwa maelfu, ingawa wengi wao hawakuondoka nyumbani wakimfikiria puma. Mtu yuko msituni Oktoba akivizia kulungu, ghafla kitu cha rangi ya mchanga kinapita kati ya miti. Ana kibali mfukoni. Ana sekunde tatu. Doa chini ya mkia ataliona saa ngapi?

Matokeo hayakuchelewa: sehemu ya majike kati ya waliouawa ilipanda. Kura iliyopigwa kwa huruma iliongeza yatima. Simlaumu mpiga kura wa 1996, nami ningeweka alama pale pale. Lakini ndilo funzo ninalotaka lishike kichwani mwako kuliko yote niliyoandika hapa: ukiondoa njia inayochukiza macho bila kuondoa uwindaji, unaweza kuwa umeondoa macho yenyewe.

Washington kuna kitu kingine cha maana kilichotoka huko. Watafiti wa chuo kikuu cha Washington State walifuatilia puma wenye kola kwa miaka. Pale uwindaji ulipokuwa mkali, madume wazee waliisha, na vijana wa kiume kutoka mbali wakajaa kwenye nafasi zao. Idadi haikushuka kama ilivyotarajiwa, ila vitoto vilikufa zaidi, maana dume mgeni huua watoto asiowazaa ili mama apate joto tena. Mwaka 2013 walichapisha kwamba kadiri puma wengi walivyouawa mwaka huu, malalamiko na mifugo iliyoliwa iliongezeka mwaka unaofuata. Wapo wanaoipinga hesabu hiyo. Lakini mtu yeyote aliyeishi mtaa uliopoteza wazee wake wote kwa mwaka mmoja anajua vijana wa kona huwaje baadaye. Jimbo lilikubali kiasi cha kuweka kikomo kinachofuata kasi ya puma kuzaliana, yaani karibu asilimia 14.

Texas na Utah: hapa sina mengi

Texas puma hana msimu, hana kikomo, na hauhitaji kumripoti aliyekufa. Kisheria hahesabiwi hata kuwa mnyama wa mawindo. Sheria ya kwanza kabisa ya kumhusu ilipitishwa Mei 2024: marufuku kumfungia kisha kumwachia mteja ampige, na mitego ikaguliwe angalau kila baada ya saa 36. Fikiria kilichokuwa halali kabla ya siku hiyo. Mnyama aliweza kukaa na mguu kwenye chuma hadi afe kwa kiu, na hakuna aliyevunja sheria.

Utah ilikuwa na utaratibu unaofanana na wa Colorado, ikauvunja mwaka 2023: sasa ukiwa na leseni ya kawaida unamuua puma siku yoyote ya mwaka, na mtego unaruhusiwa. Mtego hauna macho hata ya kukodi. Kwa kipimo nilichoweka huko juu, majimbo haya mawili hayana cha kulinganishwa; ukialikwa kwenda kutega huko, sema una harusi.

Basi uchague nini

Kama unafuga, hata kuku watano nyuma ya nyumba kwenye vilima vya Boulder au Durango, njia ya California ndiyo inayokuhusu popote ulipo: paa kwenye banda, taa, mifugo ndani kabla ya magharibi. Puma akirudi baada ya hayo, piga simu kwa maafisa wanyamapori. Kumuua huyo mmoja, aliyethibitika, sioni dhambi. Kumuua mwingine asiyehusika milima mitatu mbali, kwa matumaini kwamba habari zitamfikia mkosaji, siuoni uadilifu wake.

Kama umealikwa kuwinda, uliza ana mbwa au hana. Halafu uliza ameacha wangapi mtini. Asiyeweza kukutajia hata mmoja, usiende naye.

Na kama ni kura, usisome kichwa cha habari. Soma kifungu kinachosema nini kinabaki halali. Pendekezo la Colorado lingefunga uwindaji wa mchezo wote na kuacha nafasi ya kuua kwa ajili ya usalama wa watu na mifugo, kwa hiyo lilifanana na California. Nililipigia ndiyo. Nilifanya hivyo nikijua puma hawako hatarini kuisha hapa, na nikijua hoja ya dada wa Arusha kuhusu vitalu ina uzito kule ambako mwindaji ndiye mlinzi pekee wa pori. Huku pori la serikali linalindwa awe anawindwa puma au la. Sikuona sababu iliyobaki yenye uzito wa jike mmoja na watoto wake watatu.

Lakini wakileta kura ya kuzuia mbwa peke yake, kama ya Oregon na Washington, nitaweka hapana, na kwenye kundi la WhatsApp najua nitaitwa kigeugeu.

Mzee wa kazini alipojua nilivyopiga kura alinyamaza kidogo, akaniuliza kama nimewahi kumwona puma kwa macho. Sijawahi. Miaka kumi na moja naishi hapa, nimeona nyayo mara mbili tu. Akasema theluji ya kwanza nzuri ikianguka atanipitia saa kumi alfajiri. Bunduki ataiacha nyumbani. Mbwa wakimpandisha mtini tutamtazama, tutawafunga mbwa, tutarudi. Nimemwambia hata huko kumkimbiza bure ni kumchosha mnyama, na kama ana watoto wanamsubiri. Akasema ndiyo, ni kweli. Hakuifuta ahadi, nami sijaikataa.